Vidonge vya Daktari Mbuke

Jumanne, 21 Januari 2025

Leo asubuhi nimemeza kidonge cha kwanza. Mke wangu Faustina alisimama mlangoni na kikombe cha maji, akangoja nimeze, kisha akaniambia nifungue kinywa aone. Nilifungua. Mtu wa miaka arobaini na tisa.

Jana tulikuwa Mbeya. Daktari anaitwa Mbuke, mwanamke wa Kisukuma, hamzidi sana binti yetu kwa umri. Alifungua bandeji ya mguu wa kushoto, ule uliokatwa kidole gumba mwaka jana mwezi wa nane. Sasa kidole cha pili kimeanza kuwa cheusi na kidonda hakikauki. Alikibonyeza, akaniuliza kama naumia, akanawa mikono, akakaa. Alisema ugonjwa huu unaziba mishipa midogo ya damu, miguuni na mikononi, na unawapata wavutaji. Kuukata mguu si kuutibu.

"Ukiacha tumbaku kabisa, mguu unaweza kubaki," alisema. "Usipoacha, tutaukata. Na baada ya huo tutaukata wa pili."

Hakukaripia. Alisema kama mtu anayekutajia saa ya basi kuondoka.

Nikamweleza kwamba nimejaribu mara nne na sijawahi kufika wiki. Akasema zipo plasta na bigijii za kuwasaidia watu kuacha, lakini zina sumu ileile ya tumbaku, na kwa ugonjwa wangu hazifai. Kipo kidonge kingine, walikitengeneza kwa ajili ya watu wenye huzuni isiyoisha, wakagundua kinakata hamu ya sigara. Kabla ya kuandika cheti alichukua karatasi akaniuliza maswali. Nakunywa pombe sana? Niliwahi kuumia kichwa? Niliwahi kuanguka kifafa, hata utotoni?

Nilijibu hapana mara tatu. Mara mbili za kwanza ni kweli.

Amenipa kidaftari kidogo niandike idadi ya sigara kila siku, atakisoma nikirudi. Anataka namba tu. Hizo nitamwandikia. Kaunta buku hii ni yangu.

Sigara za leo: kumi na nane. Ameruhusu nivute siku kumi za mwanzo, mpaka dawa ikolee.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua. Majani ya chini ya tumbaku yetu yameiva, hatuwezi kuchuma leo.

Niandike jambo hili mara moja, lisinizunguke kichwani. Nilianza kuanguka nikiwa na miaka sita, kwetu Rungwe. Nilianguka shambani, nilianguka kanisani, na mara moja nilianguka kwenye moto wa jikoni, ndipo nikapata kovu la begani. Nyumbani nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu, kwa kuwa watu waliamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Muuguzi mmoja wa misheni akanianzishia vidonge. Nikavimeza miaka mingi, na nilipofika miaka kumi na mitano kuanguka kukakoma. Mama alinikalisha akaniambia, imekwisha, na usimwambie mtu, hata mke utakayemwoa. Mama ameshakufa. Anayejua sasa ni kaka yangu Jailos peke yake. Faustina nilimwambia kovu ni la uji wa moto.

Imepita miaka thelathini na minne. Ningemwambia daktari, angerudisha kalamu mfukoni na mimi ningerudi Lupa mikono mitupu.

Jumapili, 26 Januari

Binti yetu Lea amepiga simu kutoka Iringa. Anafanya kazi kwenye duka la dawa, na ndiye atakayetutafutia vidonge vya mwezi ujao, maana Mbeya tulipata vya wiki mbili tu. Baada ya shikamoo aliniambia nisikate simu, anataka kunisomea karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa. Ameisoma yote, neno kwa neno, akitafsiri. Alipofika kwenye onyo kwamba dawa inaweza kumwangusha aliyewahi kuwa na kifafa akasimama.

"Baba, hujawahi?"

"Sijawahi."

"Hata degedege ya utotoni?"

Nikamwambia mimi nilikuwa mtoto wa nguvu. Akacheka, akasema basi atatuma kwa basi.

Jumanne, 28 Januari

Sasa ni vidonge viwili kwa siku. Kinywa kikavu kama nimelamba majivu. Sigara kumi na moja.

Alhamisi, 30 Januari

Ajabu. Sigara imebadilika ladha. Nimewasha moja mchana pale banini, nikavuta mara tatu nikaitupa. Jirani yangu Samwel aliiokota akaimalizia, akaniuliza kama nimerogwa.

Samwel na mimi tuna mabani mawili yanayotazamana, vibanda vya matofali tunamokaushia majani kwa moto wa kuni, siku sita mfululizo bila moto kuzimika. Tumekaa kwenye lile benchi katikati ya mabani miaka kumi na mitano tukivuta. Nilipomwambia habari ya vidonge alisema mkulima wa tumbaku asiyevuta ni kama mpika pombe mlokole. Nilicheka naye. Kesho ndiyo siku niliyopangiwa na daktari.

Ijumaa, 31 Januari

Sijavuta.

Jumamosi, 1 Februari

Sijavuta. Nimemgombeza Faustina kwa sababu ya chumvi.

Jumatatu, 3 Februari

Sijavuta. Mikono haina pa kukaa. Faustina amenikaangia karanga, akazitia kwenye kopo, akasema kila mkono ukitafuta mfuko, uende kwenye kopo. Nimekula kopo zima kabla ya saa sita.

Ijumaa, 7 Februari

Wiki nzima. Sikuwahi kufika hapa tangu nina miaka kumi na mitatu.

Jumatano, 12 Februari

Tulianza kuchuma baada ya mvua, majani yakiwa yamelowa. Nilivaa glovu alizosema daktari, zikachanika kabla hatujamaliza tuta la tatu. Saa tano nikaanza kutapika, na kichwa kikazunguka. Kila mkulima hapa anakijua kichefuchefu hicho cha jani bichi. Sumu ya tumbaku inaingia kwenye ngozi. Nilikaa pembeni ya shamba nikifikiri kwamba nimeufunga mlango na sumu imepita dirishani.

Faustina akaja akanishika mkono, akanirudisha nyumbani, akasema kuanzia leo mimi siingii shambani. Yeye na wanawake wawili wa kibarua watachuma. Mimi nitabaki na moto wa bani tu. Nikamwambia watu watanicheka. Akasema mguu ukikatwa watanionea huruma, nichague.

Alhamisi, 13 Februari

Sijavuta. Usingizi hakuna. Vidonge vinanikesha, na moto nao unataka macho. Wiki hii sidhani kama nimelala saa tatu kwa siku.

Jumapili, 16 Februari

Nimekuwa nikidhani miaka yote hii kwamba Faustina anachukia harufu. Anafua nguo zangu peke yake, anafungua madirisha, analalamika kuhusu mapazia. Leo tulipokuwa tunamenya karanga alinieleza habari ya baba yake kule Idodi, ambaye sikumkuta hai. Alikuwa anavuta kiko. Alikufa kwa kifua, na miezi ya mwisho alikuwa hawezi kutamka sentensi nzima, akawa anamwita kwa kugonga kitanda kwa kidole. Faustina alikuwa na miaka kumi na mbili. Yeye ndiye aliyekuwa anaitikia kule kugonga.

Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema alinieleza mwaka wa kwanza wa ndoa, na mimi nilikuwa navuta.

Jumanne, 18 Februari

Sijavuta.

Alhamisi, 20 Februari

Sijavuta. Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Kuni mbichi.

Jumanne, 25 Februari

Nimetoka Mbeya. Daktari Mbuke alifungua bandeji, akauinamia mguu muda mrefu mpaka nikaogopa. Kidonda kimeanza kukauka. Weusi haujapanda. Alishika unyayo akasema una joto kidogo kuliko mwezi uliopita, na akamwita mwenzake aje aushike. Kisha akasoma kidaftari changu, sufuri, sufuri, sufuri, akatabasamu. Sikujua kwamba daktari anaweza kufurahi hivyo kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake.

Nilimwambia silali. Tabasamu likaondoka. Akataka kupunguza kidonge kimoja, nikamsihi asipunguze, nikasema nitajitahidi kulala. Alinitazama.

"Mzee wangu, hakuna kitu chochote ulichosahau kuniambia ile siku ya kwanza?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Faustina alikuwa nje kwenye benchi. Tulikuwa wawili tu. Nilihesabu kwenye moyo wangu: siku ishirini na tano bila sigara, unyayo wenye joto.

"Hakuna, Daktari."

Akaandika kidonge kimoja badala ya viwili, nami niliporudi nyumbani sikumwambia Faustina, nikaendelea na viwili.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mimi ni Mmoraviani, sina desturi ya majivu, lakini Faustina alirudi kutoka kanisani na msalaba wake kwenye paji la uso, akakaa karibu nami bila kuufuta. Akasema mwaka huu hakuomba kitu, alishukuru tu. Alisema kuanzia nilipokatwa kidole alikuwa anajiandaa kuwa mjane, ameacha sasa.

Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika kwenye meno. Nikamuuliza kama majani ya juu yameiva.

Jumapili, 9 Machi. Hospitali, Mbeya

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umefungwa mpaka kwenye kiwiko.

Haya ninayoandika nimeelezwa, mimi sikuwepo. Nakumbuka Alhamisi saa nne asubuhi, nikiwa nimeinama kusukuma gogo kwenye tanuru la bani. Nakumbuka harufu kama ya chuma kilicholowa. Harufu hiyo nilikuwa nimeisahau tangu utoto, na ilipokuja niliijua mara moja, kama unavyomjua mtu aliyewahi kukupiga. Kisha hakuna kitu.

Samwel alikuwa kwenye benchi. Anasema nilipiga kelele moja, si ya mtu, nikaanguka kifudifudi, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mdomo wa tanuru. Alikimbia akanivuta miguu. Anasema nilikuwa natetemeka mwili mzima, povu mdomoni, macho meupe, na mkono unatoa moshi, na alikuwa hajui ashike kipi kwanza. Alinifunika mkono kwa fulana yake iliyolowa jasho. Alinilaza ubavu. Hakukimbia. Hilo nataka liandikwe, kwa sababu kijijini kwetu, mimi nilipokuwa mtoto, wote walikimbia.

Nilianguka tena mara mbili kwenye gari kabla hatujafika Chunya mjini. Kutoka hapo walinileta Mbeya.

Faustina alimpigia simu kaka yangu Jailos akiwa bado ndani ya gari. Alimwambia, shemeji, mdogo wako ameanguka, anatetemeka, hatujui ni nini. Jailos akauliza neno moja tu:

"Imemrudia?"

Nilipozinduka vizuri ilikuwa Ijumaa mchana. Faustina alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani. Hakunishika. Alingoja muuguzi aondoke.

"Kovu la begani," alisema. "Uliniambia ni uji."

Nikamwambia mama ndiye aliyenifundisha kusema uji.

"Mama yako hakulala na hilo kovu miaka ishirini na minne."

Akasema Lea alipozaliwa alishangaa kwa nini nilikuwa nasimama juu ya kitanda cha mtoto nikimtazama amelala, siku baada ya siku, bila kumgusa. Alidhani ni mapenzi. Sasa anajua nilikuwa nangoja nini.

"Ilikuwa ni mapenzi pia," nikasema.

"Ningeolewa na wewe nacho hicho kifafa. Kilichonishinda si hicho. Nilikushika mkono nikakupa hivyo vidonge mimi mwenyewe, kila asubuhi, na ulikuwa unajua."

Lea amefika jana kutoka Iringa. Amekaa upande wa pili wa kitanda, bado ana sare ya duka la dawa chini ya sweta. Alikagua mkono wangu, alikagua chati, akaongea na muuguzi kwa lugha yao. Baadaye akachukua boksi la vidonge kwenye mfuko wa mama yake, akalitia kwenye mkoba wake.

"Nilikuuliza, baba," alisema. "Nilikusomea neno kwa neno."

Nilimwambia kosa si lake. Akasema anajua si lake. Lakini alisema hivyo akiitazama karatasi ya dawa, na nilimwona anaisoma tena kutoka mwanzo, kutafuta mahali alipokosea.

Jumanne, 11 Machi

Daktari Mbuke amekuja wodini. Alivuta kiti. Vidonge vile sitavimeza tena maisha yangu yote. Nimeanzishiwa vingine vya kuzuia kuanguka. Nilimwomba msamaha, akasema msamaha si wake kuutoa.

Nikamuuliza, kama ningesema ukweli ile siku ya kwanza, angenipa nini.

"Ipo dawa nyingine," alisema. "Haigusi kifafa kama hii. Naiulizia tangu mwaka jana. Sijaipata."

"Kwa hiyo ningerudi nyumbani bila kitu."

Aliangalia mkono wangu uliofungwa. "Ungerudi nyumbani na mkono wako," akasema.

Siku arobaini bila sigara. Aliniambia nishike hapohapo, wapo wanaoshinda bila dawa, na mwili wangu umeshavuka sehemu ngumu. Nilimwitikia. Wote wawili tulikuwa tunatazama dirishani.

Ijumaa, 14 Machi

Nyumbani. Sijavuta. Faustina ananipikia, ananifunga bandeji, ananijibu nikimuuliza. Analala chumba cha Lea.

Jumamosi, 15 Machi

Sijavuta. Hamu imerudi. Haikuja polepole. Imekuja kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini.

Jumapili, 16 Machi

Sijavuta. Sikwenda kanisani. Watu wawili walikuja kunipa pole, wakakataa chai. Wamesikia. Wakati wa kuaga mmoja alinipa mkono kisha akaufuta kwenye suruali, nadhani bila kujua anaufuta.

Jumatatu, 17 Machi

Sijavuta. Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda kwenye benchi. Samwel alikuwa anapanga kuni, za kwake na za kwangu, kwa kuwa tangu niumie anaangalia mabani yote mawili. Nilimshukuru kwa mara ya tatu au ya nne. Kisha nikamwomba sigara moja.

Akasema hana.

Nilidhani ananikatalia kwa ajili ya mguu. Nikamwambia asinifanye mtoto, Faustina mmoja ananitosha. Akanigeuzia mifuko ya suruali, yote miwili. Akaona haya kidogo.

"Tangu siku ile sijavuta," alisema. "Sikupanga. Siku ya kwanza nilisahau kwa mshtuko. Ya pili nikaona mbona nimeweza jana."

"Hutamani?"

"Natamani kidogo asubuhi. Nikianza kazi inaondoka."

Alivuta miaka mingi kuliko mimi. Alinitania kwa ile habari ya mpika pombe mlokole. Hakumeza kitu, hakupanda basi kwenda Mbeya, hakudanganya mtu. Alinitoa kwenye moto, akapewa kile nilichokuwa nakitafuta, na wala hakuwa anakitaka. Nilimpongeza. Ndani nilimchukia kama sijawahi kumchukia mtu.

Alipokwenda kula niliingia banini. Majani yalikuwa yameshakauka, ya njano, mazuri, yananing'inia kwenye fito kila upande. Mimi nimezilima sigara za watu maisha yangu yote. Nikakata jani moja nikalisugua kwenye kiganja kwa shida, mkono mmoja. Karatasi sikuwa nayo isipokuwa kidaftari cha daktari mfukoni. Nikachana ukurasa wa sufuri.

Siku arobaini na sita.

Ijumaa, 21 Machi

Misokoto minne.

Jumanne, 25 Machi

Saba. Faustina ananusa, hasemi.

Jumamosi, 29 Machi

Kidole cha pili ni cheusi chote. Cha tatu kimebadilika rangi. Maumivu yanaanza jioni na hayana adabu. Nikivuta yanatulia kwa dakika chache, kisha yanarudi na ndugu zake. Najua kinachoyaleta ni kilekile kinachoyatuliza. Kujua hakunisaidii kitu. Daktari alidhani shida yangu ni kutojua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mbeya. Unyayo wa baridi. Daktari Mbuke hakuomba kidaftari. Aliuliza tu ni ngapi kwa siku, nikasema kumi, akaandika. Upasuaji Jumanne, chini ya goti. Alikuwa mpole kama kawaida yake, na upole huo uliniumiza, kwa sababu nilitambua ni upole anaowapa wote. Ile furaha ya Februari ndiyo iliyokuwa yangu.

Jumapili, 13 Aprili

Wamekata. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho Pasaka. Wametuacha turudi nyumbani. Lea alitusindikiza mpaka Lupa, akalala usiku mmoja, akarudi Iringa. Wakati wa kuondoka alinisomea jinsi ya kumeza dawa za kifafa, asubuhi na jioni, kisha akaniambia nirudie alivyosema. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Sasa hivi ndivyo atakavyoongea nami, nimeona. Kama mtu anayehesabu chenji aliyopewa na mwenye duka asiyemwamini.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua zimekatika. Majani yote yameshatoka banini, sasa ni kazi ya kuyapanga madaraja. Faustina amekaa sakafuni na wale wanawake wawili, wanatenga ya njano, ya chungwa, yenye madoa. Kazi hiyo ilikuwa yangu, nina jicho zuri. Nikawaambia waniletee kwenye kiti. Nikapanga mpaka saa nane, na kila jani linalopita mkononi naona mkono unataka kulibakiza.

Nimebakiza matatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Navutia nyuma ya choo, nimeegemea magongo. Ni mbali kwa mtu wa mguu mmoja. Nimeshajifunza njia.

Samwel amekuja kunisalimu. Ameongezeka mwili. Anasema chakula kina ladha siku hizi. Nilimjibu vizuri, akakaa sana. Nilitamani aondoke.

Jumatatu, 28 Aprili

Kidole kidogo cha mguu wa kulia ni baridi. Nimevaa soksi mbili.

Alhamisi, 1 Mei

Nimeanguka nyuma ya choo. Si kifafa, gongo liliteleza. Nilianguka juu ya kisiki cha mguu, nikalala pale sijui muda gani, msokoto ukiwaka kwenye nyasi karibu na uso wangu. Faustina ndiye aliyenikuta. Aliuzima kwa ndala yake, akaniinua, akaniogesha. Kidonda kimefunguka kidogo. Wakati ananivalisha soksi akagusa kile kidole kidogo, akakishika kwenye kiganja chake muda mrefu, kama anakipasha moto.

Jumapili, 4 Mei

Faustina alirudi kutoka kanisani kabla ya saa sita. Nilikuwa kibarazani, kwenye kiti changu. Hakuvua kanga ya kanisani. Alisimama mbele yangu, akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti ya sigara na kiberiti. Ni zile nilizokuwa navuta zamani. Anakumbuka pakiti yake.

"Usiende tena kule nyuma," alisema. "Utakuja kuanguka vibaya. Vutia hapa."

Nilidhani ni jaribio. Nikamwambia sitaki. Akafungua pakiti, akatoa moja, akaniwekea mdomoni. Mkono wangu wa kushoto bado haukunji vizuri, kwa hiyo kiberiti aliwasha yeye. Alikuwa hajui kuwasha sigara, njiti mbili za kwanza zilizimika. Ya tatu akaikinga kwa kiganja. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa tangu Machi.

Nikaitoa mdomoni. Nikamwambia, "Mama Lea, nikataze."

Aliangalia mguu wa kulia, soksi mbili kwenye jua la mchana.

"Nimekukataza miaka ishirini na minne, Baba Lea. Nimechoka."

Hakusema kwa hasira. Ningeiona hasira ningeitupa ile sigara, naapa ningeitupa. Alipitisha mkono kichwani kwangu mara moja, kama anavyomgusa mgonjwa ambaye si wa kwake, akaingia ndani.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alikaa kwenye kigoda akaanza kukata mchicha. Niliivuta yote, polepole, nikimtazama mgongo, nikingoja ageuke. Hakugeuka.